Fahamu: Ruzuku ya mahindi na sufuria ya ndizi Kilema

Kufikia msimu wa 2008/09, mpango wa serikali ya Tanzania wa NAIVS uligawa vocha za ruzuku katika mikoa mingi, Kilimanjaro ikiwemo. Vocha zilipunguza bei ya mbolea na mbegu bora za mahindi na mpunga. Mgomba haukuwamo.

Huko Kilema, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, chakula hutoka kihambani, yaani shamba la nyumbani: migomba juu, mibuni kivulini, magimbi na maharage chini, samadi ikitoka kwa ng'ombe wa bandani. Ndizi hizo ndizo hupikwa mtori, supu anayonyweshwa mama aliyejifungua, na ndizo hupikwa na maharage kuwa kiburu. Zikiiva, hutengenezewa pombe ya mbege pamoja na kimea cha ulezi. Mahindi hulimwa zaidi tambarare, kwenye mvua haba.

Hata kahawa, iliyoletwa na wamisionari karne ya 19, haikuung'oa mgomba. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huu wa kihamba kama urithi wa kilimo kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, Uru.

Vocha haikumkataza mtu kulima ndizi, ila ilishusha gharama upande mmoja tu. Ruzuku ijayo ilipie pia miche safi ya migomba na ukarabati wa mifereji ya asili ya kumwagilia vihamba.