Mapigo ya Usemi na Mahadhi ya Nyimbo katika Nchi ya Chai

Wapo wasemao kwamba mahadhi ni pambo tu la maneno, na kwamba maana yote imo katika maneno yenyewe. Walakini kauli hiyo haisimami katika vilima vya Kericho na Bomet, kwa sababu lugha ya Wakipsigis, wenyeji wa huko, imetia sehemu ya maana yake katika kupanda na kushuka kwa sauti. Katika Kikipsigis aghalabu kitendo hutangulia, kisha hufuata mtenda na mtendwa, na linalomjulisha msikilizaji ni nani aliyetenda na nani aliyetendewa si herufi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa, bali ni toni ya jina. Urefu wa irabu nao una kazi: irabu ikivutwa, neno huweza kuwa jingine kabisa. Mswahili, ambaye lugha yake iliachana na toni tangu zamani ikabakiwa na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, akipita sokoni Litein au Sotik huenda akadhani watu wanaimbiana.

Wala dhana hiyo si ya kuchekwa, kwa maana usemi na wimbo vyote viwili vina mapigo, ila mwendo wake ni mbalimbali. Wataalamu waliopima nguvu ya sauti ipandavyo na kushuka wameona kwamba usemi wa lugha nyingi hupiga mara 4 au 5 hivi kwa sekunde, kadiri ya mwendo wa silabi, ilhali muziki hupiga polepole zaidi, karibu mara 2 kwa sekunde, kadiri ya hatua za mtu atembeaye. Mtazame mchumaji wa chai: mikono yakwanyua majani mawili na chipukizi, konzi ikijaa hutupwa kapuni mgongoni, na huku kinywa chazungumza na jirani wa mstari wa pili, mikono ina mwendo wake na ulimi una wake, wala kimoja hakikizuii kingine.

Maarifa ya mapigo na mahadhi ya lugha huanza mapema mno. Mwaka 1998 watafiti wa Ufaransa waliwasikilizisha watoto wa siku chache usemi uliochujwa hata maneno yasitambulikane, yakabaki mapigo na mahadhi matupu. Watoto wale wakapambanua Kiingereza na Kijapani, lakini wasiweze kupambanua Kiingereza na Kiholanzi, ambazo mapigo yake yakaribiana. Sababu si ngumu kuifahamu: tumboni mwa mama sauti nyembamba hufifia, nzito hupenya, hivyo mtoto huzaliwa akiwa amekwisha kuzoea mahadhi ya lugha ya kwao kabla hajajua neno lake hata moja.

Ushahidi nitakaoutegemea zaidi, hata hivyo, watoka Kapkatet, katika vilima hivyo hivyo vya Wakipsigis, ambako mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, aliwarekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakiimba kwa chepkong, zeze la Kikipsigis. Wimbo wao ulimhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hata huko. Na Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimsawiri kama nusu mtu, nusu paa. Mengi yamesemwa juu ya paa huyo, na mimi sitaongeza. Linalonishughulisha ni jina. Mwingereza hulitamka kwa kuikaza silabi ya kwanza ya kila neno na kuzimeza zilizobaki. Wasichana wakalifanya Chemirocha, silabi nne zilizo wazi, kila moja na irabu yake timilifu, likaweza kurudiwa juu ya nyuzi za chepkong pasipo kukwaruza sikio. Mgeni alipewa mapigo ya wenyeji kabla ya kupewa nafasi katika wimbo.

Maandishi ya kawaida ya Kikipsigis hayaweki alama za toni, kwa hiyo maneno ya wimbo kama huo yakiandikwa karatasini hupotewa na sehemu ya sarufi yake, nayo hubaki katika sauti tu. Mwaka 2014 maktaba ya muziki wa Afrika aliyoiasisi Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini, ilishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi kuzirudisha rekodi za Wakipsigis kwa wenyewe. Basi walimu wa Kericho na Bomet wafundishao watoto kusoma kwa lugha ya mama wazitie rekodi hizo darasani pamoja na vitabu.