Kutoa Pumzi Nako ni Kazi

Mtazame mpiga zumari wa Pwani kwenye harusi. Mashavu yamefura, shingo imetoa mishipa, na sauti haikatiki. Wengi huyaangalia mashavu. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni vifua vya watu, huangalia tumbo. Limekaza. Tundu la zumari ni jembamba, hewa haipiti mpaka isukumwe.

Tukiwa tumetulia, kutoa pumzi hakuna gharama. Kiwambo kinalegea, mapafu yanajirudi kama mpira uliovutwa, hewa inatoka. Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na upumuaji wote hula chini ya mililita 10 tu. Weka kiganja chini ya mbavu, utoe pumzi: tumbo ni laini. Sasa fumba midomo, uache upenyo wa mrija wa soda, kisha puliza kwa nguvu. Ugumu unaousikia kiganjani ni misuli ya tumbo. Imeingia kazini, nayo inataka oksijeni.

Tatizo ni kwamba oksijeni huletwa na damu, na msuli ukijikaza sana huibana mishipa ileile inayoulisha. Mkazo ukiwa mdogo, damu hupenya. Ukizidi, msuli hula akiba yake mpaka ulegee. Tena presha ikipanda kifuani, damu inayorudi moyoni hupungua, na moyo nao unakosa cha kutosha kusukuma. Kwa hiyo misuli ya tumbo hushiba vizuri pale tunapovuta pumzi, ikiwa imelegea. Mpiga zumari stadi hukipata kitambo hicho bila kuukata wimbo: mashavu yanasukuma hewa iliyo mdomoni huku pua inavuta nyingine.

Mwenye pumu hana nafasi hiyo. Zumari yake imo kifuani: njia ndogo za hewa zimebana, zimevimba na kujaa makohozi. Kutoa pumzi kunarefuka, muda wa misuli kulegea unapungua. Akisukuma zaidi, presha ya kifua inaziminya njia hizohizo. Na hewa iliyonaswa ndani inakisukuma kiwambo chini hadi kuwa bapa, basi hata kuvuta pumzi kunageuka kazi ngumu. Ndiyo maana kumpa oksijeni peke yake hakutoshi. Lazima apewe dawa ya kupanua njia za hewa.

Usiku mmoja mama alinifikia na mwanawe mgongoni. "Dokta, afadhali sasa, kifua kimeacha kulia." Nilimfunua mtoto shati. Tumbo lililokuwa likikaza kwa kila pumzi tangu mchana lilikuwa limechoka, na hewa iliyokuwa ikipita haikutosha hata kutoa mlio. Tulimwekea dawa ya kuvuta na oksijeni kwanza. Jina lake tuliliandika baadaye.