Uti wa Mgongo wa Mbwa: Pingili, Kisahani na Ugwe

Miongoni mwa istilahi zinazodhaniwa kuwa zimekwisha kutulia katika lugha yetu ni "uti wa mgongo". Walakini mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha tiba ya wanyama hugundua upesi kwamba neno hili limebeba vitu viwili: mhimili wa mifupa, na mshipa mnene wa fahamu unaopita ndani ya mhimili huo. Tunapotaja homa ya uti wa mgongo hatukusudii mifupa, bali maradhi ya utando unaozunguka ubongo na mshipa huo wa fahamu. Tunaposema mtu ameanguka mnazini akaumia uti wa mgongo, hapo msikilizaji hana njia ya kujua ni kipi kilichoumia.

Yafaa ieleweke kwamba hili si shauri la wanaisimu peke yao. Tumchukue bwana mifugo wa Kilangala au Kilwa Kivinje anayeletewa mbwa aliyegongwa na pikipiki. Mwongozo wake ukisema tu kwamba "uti umeharibika", hajui la kumwambia mwenye mbwa. Mfupa uliovunjika waweza kuunga. Mshipa wa fahamu uliokatika hauungi. Tena kwa mwanadamu mshipa huo hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, hali kwa mbwa wengi hufika hadi ya sita. Kwa hiyo pigo la kiunoni ambalo kwa mtu lingevunja mfupa tu, kwa mbwa laweza kupooza miguu ya nyuma. Ndiyo sababu mbwa wa namna hiyo hulazwa juu ya ubao ulionyooka, asibebwe mikononi huku mgongo ukipinda.

Tunapendekeza basi kwamba "uti wa mgongo" libaki jina la mhimili wa mifupa, na mshipa wa fahamu uitwe "ugwe wa mgongo". Ugwe ni kamba nyembamba. Maana yake yatosha, na neno ni letu.

Hata hivyo neno "uti" lenyewe lina mtego. Ni la jamii moja na "mti", nalo humfanya msomaji afikiri juu ya nguzo moja ngumu iliyosimama. Uti wa mbwa si nguzo, wala haukusimama. Una pingili saba za shingo, kumi na tatu za kifua, saba za kiuno, tatu za nyonga zilizoshikamana kuwa mfupa mmoja, kisha za mkia, ambazo kwa kawaida hukaribia ishirini. Neno "pingili" lafaa sana, kwa kuwa kila mtu ameliona katika muwa.

Baina ya pingili nyingi mna kitu ambacho wengine hukiita diski, nasi twakiita "kisahani". Katikati yake mna ute mzito; pembeni umezungukwa na nyuzi imara. Mzigo unapokandamiza pingili, ute hutanuka pande zote kama maji ndani ya kiriba kilichobanwa, na nyuzi za pembeni hukazika. Hivyo mgandamizo hugeuzwa kuwa mvuto. Kwa mbwa wenye miguu mifupi, kama Dachshund, ute huo hukauka mapema mno, na kisahani hupasuka na kuubana ugwe. Jambo hilo hutokea zaidi pale kifua kinapokutana na kiuno. Sehemu kubwa ya kifua hukingwa na kano zinazounganisha mbavu za kulia na za kushoto juu ya visahani.

Mwaka 1946 mtaalamu wa Kiholanzi, E. J. Slijper, alifananisha mwili wa mnyama wa miguu minne na upinde: uti ndio upinde wenyewe, na misuli ya tumbo ndiyo upote unaoukaza. Mfano huu wafaa kufundishiwa shuleni kuliko ule wa nguzo.

Hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa, kwani huandika "nguvu" kwa kila sifa. Fundi wa vyombo vya baharini pwani ya Kilwa na Lindi hawezi kukosea hivyo. Hutaka mkuku usipinde, na hutaka foromali ipinde upepo ukizidi kisha irudi. Vyote viwili ni imara. Tuseme basi "uimara" kwa kutovunjika, "ukakamavu" kwa kutopinda, na "unyumbufu" kwa kupinda na kurudi. Kiuno cha mbwa akimbiaye chahitaji uimara pamoja na unyumbufu. Uti uliokakamaa kwa uzee si uti ulioongezeka uimara.

Wala uimara si uzito. Huko Tendaguru, bara ya mji wa Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ambayo leo imo Berlin. Pingili za shingo za yule mrefu, Giraffatitan, zina mapango ya hewa ndani yake, ndiyo maana shingo ile iliweza kuinuliwa.

Limebaki jambo moja. Kisahani kikilemewa kwa muda mrefu huendelea kubonyea polepole, ingawa mzigo haukuongezeka. Sifa hii bado haina jina linaloturidhisha: "kulegea" ni pana mno, na "kunywea" huashiria ugonjwa. Wasomaji, hasa walio karibu na mafundi wa majahazi na wasokota kamba, wanaombwa waliandikie Baraza neno walitumialo kwa kamba au mbao inayobonyea kwa namna hiyo.