Fahamu: Dereva wa MotoGP akizeeka huenda wapi?

Katika MotoGP, mbio kuu za pikipiki duniani, dereva wa miaka 35 huitwa mkongwe. Mkataba wake ukikaribia kwisha, minong'ono huanza.

Umri unapunguza nini?

Pikipiki hizi hupita kilomita 300 kwa saa, na kila breki inapokamatwa uzito wote hulemea mikono na mabega, ambayo mara nyingi yalishavunjika na kuungwa. Valentino Rossi, bingwa mara 9, alishinda mara ya mwisho katika mbio za Assen mwaka 2017. Alistaafu 2021 akiwa na miaka 42.

Njia zilizopo

Wengine huhamia Superbike, mbio za pikipiki zinazotokana na zile za madukani. Max Biaggi alitwaa ubingwa huko mwaka 2010, kisha 2012 akiwa na miaka 41.

Ipo pia kazi ya dereva wa majaribio, isiyo na shangwe lakini yenye heshima kiwandani. Dani Pedrosa alistaafu 2018, akawa anazijaribu pikipiki za kiwanda cha KTM. Katika mbio za Misano 2023 alipewa nafasi ya kushindana: Jumamosi, kwenye mbio fupi, akawa wa nne; Jumapili, kwenye mbio kuu, wa nne tena, akiwaacha nyuma madereva wengi wa msimu mzima.

Rossi naye amegeukia mbio za magari, huku timu yake ya VR46 ikishiriki MotoGP tangu 2022.