Kambo yuko hai, foto yake iko mu albamu ya kilio

Siku tatu mbele ya kumaliza kilio cha kambo yetu, hapa Kolwezi, albamu ilikuwa tayari. Kurasa 24. Tuliifanya sisi wenyewe ku ordinateri: foto za zamani, fondi yenye rangi ya karatasi ya kale, kadre za dhahabu, maua meupe pembeni, na jina lake kwa herufi nzuri za kuviringana. Tukachapa moja ya kuonyesha wazee kwanza. Shangazi wetu mkubwa akaifungua, akafurahi, akafuta machozi, akafika ku ukurasa wa 9. Akanyamaza.

— Huyu hapana mama. Huyu ni mudogo yake, ule wa Likasi. Eko muzima! Munamuweka mu kilio na angali anapumua?

Hakuna aliyejibu. Foto ile ilikuja mu grupu ya familia ku WhatsApp, pamoja na zingine nyingi, usiku mmoja. Nani aliituma? Kila mtu alimtazama mwenzake. Mama yule wa kwenye foto alivaa kitambaa sawa na cha kambo, na sura ni moja. Tuliona, tukaamini, tukaweka.

Tulijiambia: ni kazi ya dakika kumi, tutosha foto ile, tuweke nyingine. Hapo ndipo tuliona shida yenyewe. Tulichochunga kilikuwa paka kurasa za kumaliza, zenye foto, kadre na maua vimeshikana kuwa kitu kimoja. Fondi tuliishusha ku intaneti, lakini fasi gani? Mu dosie ya vitu vilivyoshushwa kulikuwa fishie mia na mia, na majina sawa «image (3)» na «image (47)». Herufi za kuviringana zilibaki mu ordinateri ya rafiki, naye alikuwa amekwisha kuisafisha yote. Usiku ule tulifanya upya ukurasa wa 9 na ukurasa wa 10. Maua hayakuwa yale, dhahabu haikuwa ile. Kila aliyefungua albamu alijua kama pale kuna kitu kilibadilishwa.

Ordinateri haikufanya kosa. Kilichotukosekana ni kaye ya franka kidogo, ya kuandika kila kitu kilitoka wapi.

Juu ya nini jambo hili ni kubwa kwetu

Mu Kolwezi ya leo, ukitembea Manika ao Dilala, hautakosa sekretaria yenye ordinateri, imprimanti, na kijana anayejua kupanga foto. Watu wanamletea flashi ao simu: ndoa, diploma, komunyo ya mtoto, kilio. Anachukua foto za familia, anatia mapambo, anachapa. Ku Marekani, kazi ya namna hii watu wengi wanaifanya nyumbani, jioni, kama burudani. Kwetu ni biashara, na mara nyingi ni haraka: maiti iko morgi, kesho ni mazishi, bango na kitabu vinahitajika leo.

Lakini ndani ya ile haraka mnapita ukumbusho wa familia nzima. Fikiri historia ya mji huu. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikazaa Gécamines. Baba na kambo wengi walipigwa foto mu nguo za kazi, mbele ya nyumba ya kampuni. Mwaka 2003, wafanyakazi karibu 10 000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa «départs volontaires», na familia nyingi zikasambaa: wengine Lubumbashi, wengine Likasi, wengine vijijini, wengine ngambo. Mu Kasulo, watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe juu ya kobalti, kisha wengine wakahamishwa. Kuna nyumba ambazo leo zinabaki paka mu foto. Ukikosea kuandika «hii ni nyumba ya nani», hakuna fasi ya kwenda kuhakikisha. Shimo halijibu.

Ndiyo maana tunasema: yule anayepanga albamu ni mchungaji wa vitu vya watu, hata kama yeye anajiona paka mfundi wa mapambo.

Foto na mapambo: maswali mawili tofauti

Mu albamu kuna vitu vya aina mbili, na kila aina iko na maswali yake.

Ya kwanza ni foto za familia. Hapa unauliza: ni nani huyu? Wapi? Mwaka gani? Nani alitupa foto hii, na karatasi yenyewe ya zamani iko kwa nani? Usidanganywe na jina la fishie. Ukiona «IMG-20240512-WA0007», tarehe ile ni ya siku foto ilipopita ku WhatsApp, tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 2024. Inaweza kuwa foto ya 1972 ambayo mtu aliipiga tena na simu juu ya meza. Tena, foto ikipita ku WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa, na habari zilizoandikwa ndani yake, kama siku na fasi ilipopigwa, zinapotea. Umwombe ndugu aitume kama dokima, si kama foto. Kwa kuchapa vizuri foto ya santimetre 10 kwa 15, unahitaji nukta karibu 1 200 kwa 1 800. Foto iliyopita mu grupu tatu mara nyingi haifikie pale, na sura ya kambo inatoka sawa ukungu.

Ya pili ni mapambo: fondi, kadre, maua, utepe, herufi. Hapa maswali ni: nani alikitengeneza? Tulikitosha fasi gani? Anaruhusu nini?

Wengi wetu tunafikiri kitu kilichoko ku intaneti ni sawa embe ya njiani, mpita njia anaokota. Si hivyo. Ua lile la pembeni, kuna mtu alikaa akalichora ao akalipiga foto akalikata. Mu Kongo, sheria inalinda kazi ya namna hiyo: ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, ya haki za watungaji. Inalinda michoro na foto pia, si muziki peke yake kama wengi wanavyofikiri wakisikia neno «droits d'auteur». Na inchi yetu iko mu mkataba wa Berne, kwa hiyo kazi ya mgeni nayo inalindwa hapa, kama yetu inavyolindwa kwao.

Wale wanaouza mapambo ya albamu ku intaneti wanayapanga mu vifurushi: karatasi, maua, herufi, vyote vya rangi moja. Ndani ya kifurushi mara nyingi kuna fishie ndogo ya maandishi ambayo hakuna anayeifungua. Ifungue. Mara nyingi inasema: unaweza kutumia kwa albamu yako na ya watu wako, lakini kuifanyia mtu albamu kwa malipo kunaomba ruhusa nyingine. Kwa kijana wa sekretaria anayepokea franka za mteja, ile sentensi moja inabadilisha mambo yote.

Kuna pia vitu vya bure vyenye ruhusa wazi, sawa vile vya Creative Commons, ruhusa ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. Lakini bure yao iko na masharti, na herufi zake zinajulisha: BY, utaje jina la mtengenezaji, NC, usifanye nayo biashara, ND, usiibadilishe na kuigawa. Kukata ua, kulitia rangi nyingine, ni kubadilisha. Ile yenye CC0 peke yake ndiyo haikuombe kitu. Herufi za kuandikia nazo ni hivyo hivyo: kuna za bure kwa nyumba, na za kulipa kwa biashara.

Na ni lazima kuandika siku ile ile unaposhusha. Kesho, ua liko mu dosie lakini jina la mwenyewe limekwisha potea, na haurudie tena ku ile fasi.

Kaye moja, mistari sita

Kisha aibu ya ukurasa wa 9, sisi tulinunua kaye. Wenye kujua Excel waweke mu Excel, ni sawa. Lakini kaye haiombe umeme, na SNEL tunaijua wote. Kila ukurasa wa kaye ni albamu moja, na kila kitu kinapata mustari mmoja wenye majibu sita:

1. Nambari ya ukurasa wa albamu.
2. Ni kitu gani: foto, fondi, kadre, ua, herufi.
3. Jina la fishie, sawa vile linaandikwa mu ordinateri.
4. Kilitoka kwa nani ao wapi, na tarehe tuliyokipata.
5. Ruhusa: ya familia, ya bure, ya kulipa, ao hatujue.
6. Nani alihakikisha.

Jibu la sita ndilo lingetuokoa. Kwa foto ya mtu, anayehakikisha ni mzee anayemfahamu, hapana sisi wa ordinateri. Na neno «hatujue» si aibu kuliandika. Aibu ni kuacha fasi wazi kisha kuijaza kwa kubahatisha. Kitu chenye «hatujue» hakiingie mu albamu mpaka mtu ajibu.

Mu ordinateri, tulipanga dosie tano kwa kila albamu: foto za asili, mapambo, herufi, kazi, na za kuchapa. Foto za asili haziguswe. Ukitaka kuisafisha foto, unafanya kopi. Jina la fishie linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo zijipange zenyewe: «2024-05-12-foto-kambo-Musonoie» inasema mengi kuliko «image (47)». Pambo nalo tunalipa jina la aliyelitengeneza, mbele ya kulitumia.

Kazi yenyewe unaichunga pamoja na matabaka yake: PSD kama unatumia Photoshop, XCF kama ni GIMP, ambayo ni ya bure. JPEG ni ya kuonyesha. Ukibakia nayo peke yake, ua na sura vimegandana na hautavitenganisha. Kwa kwenda kuchapa, peleka PDF yenye herufi ndani yake, ndipo mashini ya kule isibadilishe herufi zako na zake.

Mwisho, kopi tatu: moja mu ordinateri, moja ku diski ya inje, moja fasi ingine kabisa, kwa ndugu wa Lubumbashi ao ku intaneti. Flashi moja inayotembea mu mfuko pamoja na funguo si kuchunga, ni kubahatisha.

Baloji na mushono unaoonekana

Kuna mtoto wa Lubumbashi aliyetufundisha jambo hili bila kusema neno albamu. Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alifanya kazi moja inayoitwa «Mémoire», ya mwaka 2006. Alichukua foto za zamani za Union Minière, zile za wafanyakazi na wazungu wa kampuni, akawakata watu wale, akawaweka juu ya foto alizopiga yeye mwenyewe za karakana za Gécamines zilizobomoka. Ni kukata na kubandika ku ordinateri, sawa vile tunavyofanya kwa ndoa na kilio.

Lakini tazama tofauti. Watu wa zamani aliwaacha mu rangi yao nyeusi na nyeupe, na karakana aliiacha mu rangi zake. Mushono unaonekana. Anayetazama anajua hiki kilitoka mu arshivu, hiki ni cha leo, na nguvu ya foto iko hapo hapo. Angeficha mushono, tungepata paka picha nzuri ya uongo.

Sisi wa albamu hatuombwe kuwa wasanii wa kuonyeshwa Ulaya. Lakini tunaweza kuweka ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo: foto za ukurasa wa 3 na wa 5 zilitoka kwa shangazi fulani, maua yalitengenezwa na fulani, herufi ni za fulani. Inaomba nusu ya ukurasa, na mteja haumizwe na kitu. Tena wajukuu watajua mlango gani wa kubisha wakitaka kuona foto ya asili.

Simu ya Likasi

Kilio kikiisha, tulipiga simu Likasi kumwomba pole kambo yule mdogo. Tuliogopa. Shangazi alikuwa amekwisha kumwambia yote. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akakohoa, akacheka tena.

— Ile foto tulipiga siku moja, mimi na yaya yangu, na kitambaa ni ya yeye, aliniazima. Njo maana munachanganya. Mupigaji alipiga yeye kwanza, kisha mimi. Ya yeye iko kwa nani?

Hatukujua. Tuliuliza mu grupu, na kisha wiki mbili binamu mmoja aliipata nyuma ya kadre ya ukutani: kambo yetu mwenyewe, kitambaa kile kile, ukuta ule ule. Sasa iko ku ukurasa wa 9, na mustari wake mu kaye umejaa, majibu yote sita.

Tulimuuliza kambo wa Likasi tufanye nini na ile yake, tuifute?

— Hapana kufuta. Muchunge. Lakini muandike jina yangu, siku yangu ikifika musitafute.