Simba waliokufa kwa ugonjwa wa mbwa

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walionekana wakitetemeka na kuanguka kifafa. Walikufa kama 1,000, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa hifadhi ile. Fisi nao walikufa. Ugonjwa ulikuwa distempa, ule unaoua mbwa wetu vijijini.

Umewafikiaje simba? Virusi vya distempa ni ndugu wa virusi vya surua na vya sotoka, iliyowamaliza ng'ombe wa wazee wetu. Vikiingia mwilini hujinakili upesi, na kama mtoto anayenakili ubaoni kwa haraka, hukosea herufi hapa na pale. Makosa mengi hayana maana. Lakini kirusi kina sehemu ya nje inayokifungulia mlango wa chembe hai, kama ufunguo na kufuli. Kosa likitokea hapo, ufunguo wa mbwa unaweza kufungua kwa mnyama mwingine. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi za virusi vya Serengeti walikuta vile vya simba na fisi vimebadilika kidogo katika ufunguo huo.

Hata hivyo kirusi hakikuwa peke yake. Ukame ulikuwa umedhoofisha nyati, wakajaa kupe, na simba waliowala wakapata pia vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe.

Baadaye mbwa wa vijiji vya jirani walichanjwa. Distempa ilipungua kwa mbwa, lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba simba waliendelea kuambukizwa. Maana yake mbwa si chanzo pekee.

Je, binadamu huugua distempa? La. Linalotutia hofu sisi wauguzi ni jingine. Mbwa mwenye distempa hutoka makamasi na tongo, hukohoa, huharisha, halafu hupata degedege na kuyumba. Mwenye kichaa cha mbwa naye huweza kuyumba na kupata degedege, na kwa macho tu hatuwezi kuwatofautisha. Chanjo ya kichaa haizuii distempa, wala ya distempa haizuii kichaa. Mwulizeni bwana mifugo zote mbili.

Mtoto akiumwa na mbwa wa namna hiyo, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, msikifunge, mkamlete hospitali siku ileile, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba ni distempa tu.