Intaneti ya Nyumbani: Kebo, Waya wa Simu na Mnara wa Suguti (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliifuata safari ya data kutoka baharini hadi kanda ya ziwa: jinsi mkongo wa SEACOM ulivyowashwa Julai 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaibeba huduma hiyo kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani. Leo tunakitazama kipande kifupi kuliko vyote, kile cha kutoka mtambo wa mwisho wa kampuni hadi sebuleni kwako. Mtu anaposema amehama huduma ya intaneti, aghalabu kipande hicho tu ndicho alichobadili. Bahari ni ileile, mkongo ni uleule.

Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wakipiga simu nyumbani hutusimulia kwamba wametoka kwenye kebo wakaingia DSL, yaani intaneti ya waya wa simu ya mezani, au wamefanya kinyume chake, na aliyeko kwetu Chirorwe au Kusenyi, wilayani Musoma, hubaki akijiuliza kama ushauri huo unamhusu. Unamhusu kwa namna moja, nayo nitaifikia baada ya kueleza nyaya hizo mbili zinavyofanya kazi.

Kebo ni waya mnene wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa metali ukiuzunguka. Ulitandazwa kwa ajili ya televisheni. Mwaka 1948, katika miji midogo ya Marekani iliyozibwa na milima, watu walisimika antena moja ya pamoja mahali pa juu, kisha wakateremsha waya hadi majumbani. Ilipofika mwaka 1997 zikatolewa kanuni za kiufundi zinazoitwa DOCSIS, na waya uliokuwa ukileta tamthilia ukaanza kubeba data pia. Kwa kuwa ulitengenezwa kupitisha chaneli nyingi kwa wakati mmoja, nafasi yake ni kubwa. Kasoro ni kwamba waya wa mtaa ni mmoja, na nyumba mia kadhaa hugawana kilichomo. Saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, unapakua utakacho. Saa mbili usiku kila nyumba imewasha filamu, na kasi uliyolipia inapungua bila kitu chochote kuharibika.

Waya wa simu ya mezani ni mwembamba zaidi, lakini kila nyumba ina jozi yake ya shaba hadi kituo cha simu, haigawani na jirani. Mazungumzo ya kawaida hutumia masafa yasiyofika hezi 4,000. Masafa ya juu ya hapo yalikaa bure kwa takriban miaka mia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore, Marekani, alionyesha kwamba waya huo unaweza kubeba data nyingi endapo njia ya kupokea itapewa sehemu kubwa na njia ya kutuma sehemu ndogo, kwa sababu mtu wa nyumbani hupokea kuliko anavyotuma. Kisha John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford akaendeleza mbinu ya kuyakata masafa hayo vipande vidogo zaidi ya mia mbili. Modemu hukipima kila kipande, hukitwika mzigo kinaouweza, na kile chenye kelele hukiacha. Mbinu hiyo ilizaa ADSL, aina ya DSL ambayo kiwango chake cha kimataifa kilipitishwa mwaka 1999 kwa kasi isiyozidi megabiti 8 hivi kwa sekunde. ADSL2+ ya mwaka 2003 ilifikia 24.

Tangazo la biashara la DSL linaishia hapo kwenye 24. Umbali halitaji. Ngoma ikichezwa usiku Wanyere, aliye mbali husikia mdundo wa ngoma kubwa peke yake. Njuga na sauti nyembamba hufia njiani. Shaba nayo ndivyo inavyofanya: masafa ya chini huenda mbali, masafa ya juu hupotea mapema, na data nyingi imepandishwa kwenye hayo ya juu. Aliye jirani na kituo cha simu hupata karibu kasi yote. Kwenye kilomita tano hubaki megabiti moja au mbili, na mbele ya hapo modemu haishiki kabisa. Waya ukiwa na viungo vilivyoingia maji, hata kilomita mbili ni nyingi.

Kwa hiyo aliyetoka kebo kwenda DSL akafurahi, mara nyingi ni mtu anayekaa karibu na kituo cha simu, ambaye kebo ya mtaa wake ilielemewa kila jioni. Amepungukiwa na kasi ya kilele, akapata kasi isiyoyumba. Jirani yake aliye kilomita nne mbele akimuiga ataumia. Nami nisingemshauri yeyote leo aanze upya kwenye shaba. AT&T ya Marekani iliacha kuuza DSL kwa wateja wapya Oktoba 2020, na Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa simu wa kale ifikapo Januari 2027. Kote huko waya wa kioo unachukua nafasi, kwa sababu mwanga ndani ya kioo hausumbuliwi na kilomita tano wala kumi.

Sisi kwetu hatukupata fursa ya kuchagua kati ya nyaya hizo mbili, na sababu ni ya kihistoria. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Ilipokuja, ilikuja kwa antena, muda si mrefu na kwa madishi. Kampuni za kebo zilijitokeza katika baadhi ya miji, ila hazikufunika nchi. Simu za mezani nazo zilipita njia ngumu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shirika la pamoja la posta na simu likavunjika nayo, huduma ikashikwa na shirika la Tanzania, na kuanzia mwaka 1994 simu zikawa chini ya kampuni ya TTCL. Laini za mezani hazikufika laki mbili nchi nzima. Laini za simu za mkononi zimepita milioni 70. TTCL yenyewe iliuza intaneti kupitia shaba kwa miaka mingi mijini, na sasa imegeukia kioo kwa mpango wake wa Faiba Mlangoni Kwako.

Mtu wa Suguti, basi, yuko wapi? Ukiifuata barabara ya Musoma–Makojo–Busekera kutoka mjini, kilomita tano za DSL zinakwisha mapema mno, ungali na safari ndefu mbele yako. Hata kama shaba ingetandazwa hadi Suguti, isingetoa kitu. Kipande chetu cha mwisho ni hewa: mnara, laini, na ruta au simu inayorushia wengine.

Ule ushauri wa ndugu wa ughaibuni unatufaa hapa, kwa sababu mnara una udhaifu wa nyaya zote mbili. Mawimbi yake hufifia kwa umbali kama shaba, tena yale ya masafa ya chini hufika mbali kuliko ya juu, na vilima vyetu vya mawe makubwa huyazuia. Wakati huohuo mnara hugawanwa kama kebo: kwa kawaida huwa na pande tatu, na wote walio upande mmoja hula kwenye sahani moja. Usihame mtandao kabla hujajua ni udhaifu upi unaokuumiza.

Kujua si kazi ngumu. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, utafute alama iliyoandikwa RSRP. Ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, nacho ni namba hasi: hasi 85 ni nzuri, hasi 110 ni dhaifu. Kisha pima kasi alfajiri, upime tena saa mbili usiku, palepale na kwa ruta ileile. Namba ikiwa dhaifu na kasi ikiwa duni saa zote, tatizo ni mawimbi. Hamishia ruta dirishani upande wa mnara, iondoe chini ya bati na mbali na ukuta mnene, au nunua antena ya nje uifunge juu ya mlingoti. Namba ikiwa nzuri, alfajiri intaneti ikakimbia na usiku ikabaki inazunguka tu, antena ya bei yoyote haitakusaidia, maana mmejaa. Hapo ndipo kuhamia mtandao wa kampuni nyingine kuna maana, ilimradi mnara wake hauna msongamano kama huo. Azima laini ya jirani, uijaribu usiku, kabla ya kununua ruta iliyofungwa kwa kampuni moja.

Yapo pia maumivu ambayo mteja hana dawa yake. Mnara wenyewe lazima uunganishwe na mkongo, na minara mingi ya vijijini huunganishwa kwa yale madishi ya duara yanayotazamana mnara kwa mnara hadi mjini. Njia hiyo ikiwa nyembamba, namba yako ya ruta itapendeza na alfajiri utakuwa peke yako, bado kasi itagoma. Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni hatua kubwa, lakini mnara unaosomeka kwenye simu na mnara uliofungwa kwenye kioo ni vitu viwili, na wananchi wana haki ya kuuliza wamejengewa upi.

Suguti ina hoja ya nguvu katika hilo. Halmashauri ya Wilaya ya Musoma imeweka makao yake hapo, na hospitali ya wilaya iko hapo. Mkandarasi mdogo anaomba zabuni kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, mfanyabiashara anakata leseni mtandaoni, mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu kwenye stesheneri huku siku ya mwisho ikikaribia. Kazi hizo ni za kutuma mafaili, siyo kupokea filamu, na kwa kawaida njia ya kutuma ya mnara ni nyembamba kuliko ya kupokea. Kioo kikifikishwa kwenye ofisi za Halmashauri kisiishie getini. Kiungwe na minara ya Suguti, Chirorwe, Wanyere na Kusenyi, na shule za sekondari zipewe tawi lake. Swali hilo ni la kuulizwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya diwani, bajeti ikiwa bado inaandaliwa.

Juma lijalo: intaneti ya setilaiti, na kwa nini ile ya zamani iliyo kilomita 36,000 juu yetu huchelewesha sauti.

Itaendelea.